Maboga ya Vuli katika Stardew Valley: shajara ya mavuno matatu ndani ya msimu mmoja

Kati ya mazao yote ya Stardew Valley, mchezo wa kilimo ambao Eric Barone aliutoa Februari 2016, hakuna ninalolipenda kama boga. Mbegu dukani kwa Pierre ni 100g (g ni dhahabu ya mchezo), linakaa ardhini siku 13, na likiiva linauzwa 320g. Msimu una siku 28, kwa hiyo wengi hupanda Vuli 1, huvuna Vuli 14, hupanda tena siku hiyohiyo na kuvuna Vuli 27. Mara mbili, basi.

Lengo la mradi huu ni kuvuna mara tatu, na kila boga lipite kwenye chombo cha kusindika kabla ya kuuzwa. Niko Mwaka wa 2, kiwango cha 10 cha kilimo. Fani nilizochagua ni Tiller na kisha Artisan, yaani mazao mabichi yanaongezeka bei kwa asilimia 10 na bidhaa zilizosindikwa kwa asilimia 40. Basi la kwenda jangwani limeshatengenezwa, ila Kituo cha Jamii (jengo la kijiji linalokarabatiwa kwa kukabidhi mafungu ya vitu) hakijakamilika, na hilo lina athari yake huko mbele. Tarehe zote ni za ndani ya mchezo.

Kiangazi 18: vyombo kabla ya shamba

Mpango wa kwanza ulikuwa mapipa ya kusindikia. Nina 10 tayari, nikataka niyafikishe 30. Umekwama kwenye utomvu wa mwaloni. Kila pipa linadai mbao 30, mche (kipande kilichoyeyushwa) 1 wa shaba, mche 1 wa chuma na utomvu 1, na huo utomvu mti mmoja unautoa kwa karibu wiki nzima. Miti niliyoifunga vikingio haitoshi hata nusu ya mapipa niliyoyataka kabla Vuli haijaisha.

Nikakaa na hesabu upya, na hesabu ikabadilisha mradi mzima. Pipa likipewa mboga linatoa juisi yenye bei mara 2.25 ya boga bichi: 720g. Mtungi wa achari unazidisha bei mara 2 kisha unaongeza 50: 690g. Tofauti ni 30g tu. Lakini pipa linachukua dakika 6,000 za mchezo, kama siku 4 hivi, na mtungi dakika 4,000, kati ya siku 2 na 3. Kwa muda uleule ambao mapipa mawili yanatoa juisi mbili, mitungi miwili inatoa achari tatu. Kwa matunda mambo ni mengine kabisa, maana pipa linazidisha bei ya tunda mara 3. Watu wamezoea kusema "jenga mapipa" wakiwa na divai kichwani, kisha ushauri huo unahamishiwa kwenye boga ambako haufai.

Uamuzi: mapipa yabaki 10, nijenge mitungi 24.

Mtungi mmoja unataka mbao 50, mawe 40 na makaa ya mawe 8. Kwa mitungi 24 ni mbao 1,200, mawe 960, makaa 192. Mbao na mawe ni kazi ya shoka na sururu, haina hadithi. Makaa ndiyo yaliyosumbua. Nimeyakusanya mgodini kati ya ghorofa ya 41 na 79, wanakoishi wale Dust Sprites weusi wanaodondosha makaa, nikafikisha 132. Yaliyobaki 60 nimeyanunua kwa Clint, mhunzi wa kijiji, kwa 250g kila moja, 15,000g. Kuchoma mbao kwenye tanuru kungegharimu mbao 10 kwa kila kaa moja. Mwenye msitu wa kutosha na muda afanye hivyo. Kununua mbao kwa Robin, seremala, ili uzichome hakulipi, kwani Mwaka wa 2 mbao moja ni 50g, hivyo kaa moja linakufikia 500g.

Kiangazi 25, Alhamisi: jangwani kwa mbolea

Bila mbolea ya kuharakisha, mavuno ya tatu hayapo. Speed-Gro ya kawaida inapunguza siku 13 hadi 11, na 11 mara tatu ni 33, zimeshapita msimu. Deluxe Speed-Gro inapunguza robo, boga linaiva kwa siku 9. Panda 1, vuna 10, vuna 19, vuna 28. Inatosha kabisa, na hakuna usiku hata mmoja wa akiba.

Mwaka wa 2 Pierre anaiuza Deluxe Speed-Gro kwa 150g. Sandy, kwenye duka lake la Oasis jangwani, anaiuza 80g, ila siku za Alhamisi tu. Leo ndiyo Alhamisi ya mwisho kabla ya Vuli, na aliyeikosa leo atalipa bei ya Pierre. Nimechukua 114 kwa 9,120g, tiketi ya basi 500g. Kwa Pierre zingekuwa 17,100g.

Kuna swali kama Hyper Speed-Gro, mbolea kali kuliko Deluxe, ingeleta mavuno ya nne. Haileti. Ili uvune mara nne unahitaji boga linaloiva kwa siku 6, na punguzo la asilimia 33 halifiki huko. Fani ya Agriculturist, ile ya kuharakisha mazao, nayo ukiijumlisha na Deluxe haifiki. Ndiyo sababu kwa zao hili nasimama na Artisan bila kusita.

Jambo moja la kukumbuka: shimo moja linabeba mbolea ya aina moja tu. Ukiweka ya kuharakisha, ya kuongeza ubora haiingii, na maboga ya nyota ya dhahabu yatakuwa machache. Kwa anayeuza mabichi hiyo ni hasara ya kweli. Kwa anayesindika haina uzito, maana mtungi hauangalii nyota: boga la kawaida na la dhahabu yote yanatoa achari ya bei moja.

Vuli 1, Jumatatu: kupanda

Shamba lina vinyunyizio 12, kile kinachomwagilia mashimo 8 yanayokizunguka, vimepangwa vinne kwa vitatu bila nafasi katikati. Jumla mashimo 96. Pembeni nimelima tuta la 3 kwa 6, mashimo 18, lisilo na kinyunyizio chochote. Hilo ni la boga jitu.

Sababu ya kulitenga tuta hilo ni hii. Boga jitu linatokea pale maboga 9 yaliyoiva yamekaa 3 kwa 3 kwenye udongo wenye maji; kila usiku kuna nafasi ya asilimia 1 yaungane kuwa moja. Vinyunyizio vya aina hii vikipangwa kubanana, kila eneo la 3 kwa 3 utakalolichora shambani lina kinyunyizio ndani yake, popote utakapoanzia. Kwa hiyo kwenye mashimo yale 96 boga jitu haliwezi kutokea kamwe, hata ungengoja miaka. Nimeona wakulima wengi wakilingoja kwenye mpangilio huu.

Kusafisha mabaki ya Kiangazi kunataka fyekeo. Sururu inaondoa mmea uliokufa lakini ukigonga tena inarudisha shimo kuwa ardhi tupu, na ukililima upya linakuwa kavu. Vinyunyizio vilishamaliza kazi yake alfajiri na havitarudi mpaka kesho. Shimo kavu usiku wa kwanza ni siku moja imepotea, na kwenye ratiba hii siku moja ndiyo mavuno ya tatu yote. Mashimo ya namna hiyo yamwagiliwe kwa mkono kabla ya kulala.

Pierre anafungua saa 3 asubuhi. Nimenunua mbegu 210: 114 za leo na 96 za awamu ya pili. Awamu ya pili inaangukia Vuli 10, nayo ni Jumatano, siku ambayo Pierre hafungui kabisa hadi Kituo cha Jamii kikamilike. Duka kubwa la JojaMart wako wazi, ila mbegu kwao ni 125g. Nunua mapema.

Vuli 5: kunguru

Miche 4 imeliwa kwenye pembe mbili za kusini. Sanamu la kutishia ndege lilisimama katikati ya ukingo wa kaskazini, na ulinzi wake ni duara la mashimo 8 kila upande. Shamba langu ni mashimo 12 kwa 9, hivyo pembe za mbali zilibaki nje ya duara. Ramani nyingi zinachora ulinzi huo kama mraba, na ukiufuata mraba utaona karibu shamba lote liko salama.

Nimesimamisha sanamu la pili ukingo wa kusini, mbao 50, kaa 1 na nyuzi 20. Mashimo 4 nimeyapanda upya leo kwa mbegu za akiba. Yataiva Vuli 14, kisha Vuli 23, basi. Yamekosa duru moja, yaani maboga 4.

Vuli 10: mavuno ya kwanza

Maboga 92. Nimepanda tena papo hapo, maana shimo likishavunwa linabaki limelimwa, lina maji ya alfajiri na mbolea yake imo bado. Asubuhi yote imekwisha kwa kuvuna na kupanda.

Mitungi 24 na mapipa 10 vimejazwa vyote. Nimetenga yenye nyota ya dhahabu, 14, kwenye sanduku lake. Boga la dhahabu bichi lina 480g, kwa Tiller 528g. La kawaida kwa Tiller ni 352g. Achari kwa Artisan ni 966g, juisi 1,008g. Mtungi unaliongezea boga la kawaida 614g na la dhahabu 438g tu, kwa hiyo ya kawaida yanatangulia.

Mtungi ukijazwa asubuhi mapema, siku ya tatu jioni achari iko tayari. Nimejiwekea mzunguko wa kila siku ya tatu asubuhi ili nisipoteze jioni zangu, ila mwenye subira ya kupita usiku anaweza kubana zaidi.

Vuli 13: siku ya Abigail

Leo ni siku ya kuzaliwa ya Abigail, mmoja wa wanakijiji, na boga ni kati ya zawadi anazozipenda sana. Zawadi ya siku ya kuzaliwa inahesabika mara 8 kwenye urafiki. Mkulima asiyetumia mbolea anavuna Vuli 14, siku moja baada ya sherehe. Mimi nilikuwa na sanduku la maboga ya dhahabu tangu Jumatano. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Willy naye analipenda boga, na Krobus pia. Siku ya Krobus ni Kipupwe 1, wakati hakuna tena zao la Vuli linaloota nje, hivyo tenga boga mapema. Aliye Mwaka wa 1 atenge na moja la fungu la mazao ya Vuli kwenye Kituo cha Jamii, na matano ya dhahabu kama anayataka kwa fungu la mazao bora.

Kuhusu jiko: supu ya boga inauzwa 300g, pungufu ya boga lenyewe bichi, na hapo umeshatia maziwa. Ipike uile, inaongeza bahati na ulinzi. Usiipike kwa ajili ya soko.

Vuli 16: maonyesho, na sanduku tupu

Mambo mawili yamegongana. Kwanza, leo ni siku ya maonyesho ya kijiji, na ukiingia humo unarudi nyumbani saa 4 usiku. Mitungi lazima ijazwe kabla ya kuondoka. Pili, maboga ya kawaida yamebaki 14 na mitungi inayosubiri ni 24.

Kanuni ya "dhahabu mwisho" ingeacha mitungi 10 ikae bure hadi Vuli 19. Nimeivunja. Boga la dhahabu ndani ya mtungi linaongeza 438g. Mtungi mtupu hauongezi chochote. Nimetoa 10 kwenye sanduku la dhahabu, yakabaki 3, moja likaenda nami kwenye meza ya maonyesho pamoja na mtungi wa achari kwa ajili ya aina tofauti za bidhaa. Nafasi ya kwanza inatoa tokeni 1,000, na Stardrop, tunda la kuongeza nguvu, pale inauzwa tokeni 2,000, kwa hiyo usiipuuze meza hii.

Kanuni iliyosahihishwa: ya kawaida kwanza, lakini chombo kisilale.

Kwa anayetaka kunakili, uwiano huu umenipendeza: vyombo 34 vinamaliza mavuno ya mashimo 96 karibu kabisa kabla ya mavuno yanayofuata. Mapipa peke yake yamekosa kazi usiku wa 18.

Vuli 19: mavuno ya pili

Maboga 92 tena. Yale mashimo manne ya kunguru yalitoa yake Vuli 14 na nikayapanda siku hiyo. Mbegu za leo nilizinunua jana. Kupanda kumeisha kabla ya adhuhuri. Kutoka hapa shimo lolote litakalokosa maji usiku mmoja halitavunwa.

Vuli 22: jitu

Limetokea. Upande wa mashariki wa lile tuta la 3 kwa 6, mahali palipokuwa na maboga tisa jana, leo pana boga moja linalonifika kichwani. Nimelizunguka mara kadhaa kabla ya kwenda kuchukua shoka, na nilikaribia kuliacha lisimame, maana jitu halifi msimu ukibadilika na linapamba shamba hata kwenye theluji.

Nimelikata kwa ajili ya hesabu. Limetoa maboga 18, na wigo wake ni 15 hadi 21. Yote ni ya ubora wa kawaida, ambayo kwa mitungi ni sawa kabisa.

Ni vema kusema wazi kwamba boga jitu halileti faida kwa mpango huu. Tuta la mashimo 18 lina maeneo manne ya 3 kwa 3 yanayopishana, na tangu Vuli 10 hadi mwisho wa msimu nafasi ya kupata jitu angalau moja ni karibu nusu kwa nusu. Ili kulingoja unaacha maboga yaliyoiva ardhini, unayamwagilia kwa mkono kila asubuhi isiyo na mvua, na unakosa duru mbili za kupanda. Mashimo hayohayo yangenipa maboga 54. Lima tuta hili kwa sababu unataka kuliona jitu likisimama shambani kwako. Mimi nitalilima kila Vuli.

Vuli 28: mavuno ya tatu

Jana usiku ilikuwa Spirit's Eve, sherehe ya kijiji. Nimenunua fomyula ya taa ya boga kwa 2,000g, nayo inataka boga 1 na mwenge 1. Ndani ya maze yake (vichochoro vya kupotezana) kuna Golden Pumpkin, zawadi adimu. Usirudi bila hilo.

Leo asubuhi yameiva yote 92, na yale tisa yaliyobaki kwenye tuta la jitu nimeyavuna pia. Ya mashimo manne yalitoka Vuli 23. Jumla ya msimu: 284 shambani, 27 tuta la jitu, 311 yote.

Boga haliozi sandukuni likingoja zamu. Nimejaza mitungi, nikatenga la Krobus na la taa, yamebaki 90.

Kipupwe 12: hesabu

Mitungi ya mwisho imefunguliwa leo. Maboga 308 yamesindikwa. Matatu yaliyobaki ni ya Abigail, Krobus na taa.

Gharama: mbegu 306 kwa 30,600g, mbolea 9,120g, tiketi 500g, makaa ya Clint 15,000g. Jumla 55,220g. Mitungi itabaki kutumika, hivyo makaa hayatarudiwa mwakani.

Mapato: juisi 70 kwa 1,008g ni 70,560g. Achari 238 kwa 966g ni 229,908g. Jumla 300,468g. Nikitoa gharama zote nabaki na 245,248g. Maboga hayo 311 yangeuzwa mabichi kwa 352g, yangeleta 109,472g kabla ya kutoa gharama yoyote.

Duru ya tatu peke yake, yaani mbolea ya mashimo 96, tiketi na mbegu zake, imegharimu 17,780g na kuleta maboga 92. Kama achari hayo ni 88,872g.

Sasa vyombo vyote vimelala na Kipupwe kina siku 16 mbele. Kwa siku moja mitungi 24 inameza maboga 8 na mapipa 10 yanameza mawili na nusu, kwa hiyo kuna nafasi ya maboga kama 168 ambayo sikuwa nayo. Hayo ni mashimo 56 kwa mavuno matatu, ambayo ni vinyunyizio 7. Kila kimoja kinataka mche 1 wa chuma, mche 1 wa dhahabu na kwatzi 1 iliyosafishwa. Mbili za kwanza ninazo, kwatzi naanza kuyeyusha leo. Upanuzi utakwenda mashariki, na sanamu la tatu litasimama huko kabla ya mbegu kuingia ardhini. Mbolea mpya ni 170 pamoja na tuta la jitu, 13,600g kwa Sandy, Kiangazi 25.